Mvule Hauoti kwa Hotuba

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kupanda miti katika uwanja wa shule moja ya msingi, kando ya barabara itokayo Jinja kwenda Iganga, tulirudi mahali pale pale tukiwa na kamera ile ile. Siku ya kupanda ilikuwa siku ya fahari. Bendi ilipiga, watoto waliimba, na wageni wa heshima walifukia udongo kila mmoja katika shimo lake. Sisi, ambao kazi yetu jeshini ni kuwaeleza wananchi yale yanayofanywa na askari wao, tuliandika habari iliyojaa sifa, na picha zake zilipendeza. Lakini tuliporudi, tulipita safu moja baada ya nyingine tukihesabu, na tulichokihesabu zaidi kilikuwa vijiti vikavu. Miche mingine ilikuwa imezikwa pamoja na kiriba chake cha plastiki, mizizi ikiwa imejisokota ndani kwa kukosa njia ya kutokea. Mingine ilikuwa imeliwa na mbuzi. Iliyokuwa hai ilikuwa tisa tu.

Mzee mmoja, ambaye shamba lake limepakana na uwanja ule, alikuwa amekaa chini ya mvule mkubwa akitutazama. Tulimwamkia kwa heshima, naye akatukaribisha kivulini. Kisha akauliza kwa upole, "Afande, safari hii mmekuja kupanda, au mmekuja kupigwa picha?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Naye hakutaka kutuaibisha zaidi, bali aliendelea: "Mmehesabu iliyokufa. Mbona hamkuuliza kwa nini ile tisa imepona? Tazameni imesimama wapi, wanangu."

Tulitazama. Miche yote tisa ilikuwa katika safu ya mwisho, upande wa jiko la shule. Mama mpishi alikuwa na desturi ya kumwaga hapo maji aliyooshea masufuria. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, wala jina lake halikutajwa siku ile ya hotuba. Makala haya, ndugu wasomaji, ni jibu letu kwa swali la yule mzee, ingawa limechelewa.

MWALONI WA KWETU

Wasomaji wa Biblia wanaufahamu mwaloni kwa jina, kwa kuwa Ibrahimu alipiga hema yake penye mialoni ya Mamre. Kwa mataifa ya Ulaya mti huo ni alama ya nguvu na ya umri mrefu, na watoto wao hufundishwa kwamba mwaloni mkubwa hutokana na kokwa moja iliyoanguka chini. Wachache miongoni mwetu wameuona kwa macho. Katika Uganda ya mashariki nafasi yake imeshikwa na mvule. Wafanyabiashara wa mbao wa nchi za nje wamewahi hata kuuita mvule mwaloni wa Afrika, ingawa miti hii miwili si ndugu. Mvule ni wa jamaa ya mtini na mforosadi, na kwa hiyo ni ndugu wa mutuba, mti ule ambao magome yake yamewavisha watu wa Buganda kwa karne nyingi.

Mvule uliokomaa huweza kufikia urefu wa mita 50, na shina lake hupanda juu likiwa limenyooka kabla ya kutoa tawi la kwanza. Mbao zake haziliwi upesi na mchwa, wala hazioni haraka kuoza kwa maji. Ndiyo maana mafundi wa bara na wa pwani wameutumia tangu zamani kwa milango, vitanda, mashua na majahazi. Wapasua mbao wanajua pia siri nyingine: mara kwa mara ndani ya shina hukutwa jiwe gumu la chokaa, linalovunja meno ya msumeno. Wanasayansi wameeleza kwamba jiwe hilo hutokana na chokaa ambayo mti huijenga mwilini mwake, na nyingine hubaki katika udongo unaouzunguka.

Sifa hizo ndizo zilizoleta msiba wa mti wenyewe. Katika Busoga mivule iliyoachwa mashambani na mababu ilikatwa mmoja baada ya mwingine, mbao zikauzwa, na mahali pengi miwa ikachukua nafasi. Anayekata mvule asubuhi hupata fedha jioni, lakini anayeupanda hungoja miaka 50 au zaidi kabla ya kupata mbao za maana. Hesabu hiyo ndiyo inayowashinda wengi, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa ada ya shule haingoji miaka 50.

JEMADARI NA WACHOTA MAJI

Barabara ile ile ya Iganga, mtu akishika njia ya Nakalama na Tirinyi, humfikisha Budaka na hatimaye Mbale, chini ya genge la Wanale. Katika njia hiyo kuna historia ambayo askari anayepanda miti hawezi kuipita bila kusimama.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda. Mwaka 1899 alishiriki katika kuwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Baada ya hapo aliingia nchi za mashariki, akafanya makao Budaka, kisha Mbale, mji ambao unamhesabu kuwa mwanzilishi wake. Tangu mwaka 1906 hadi 1913 Waingereza walimweka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga. Alirudi Mbale, na alifariki mwaka 1928. Hivyo miji hii miwili, ambayo ilipewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, imewahi kuwa chini ya macho ya mtu mmoja. Inasimuliwa hata leo, Mbale na Teso, kwamba barabara alizozifungua zilipandwa mivule pande zote mbili, ili msafiri wa miguu apate kivuli.

Lakini haki inatudai tuseme jambo la pili pia. Barabara zile zilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa, na wenyeji walioshika majembe hawakuulizwa ridhaa yao. Jina la jemadari limeandikwa katika vitabu. Majina ya waliochimba mashimo na kuchota maji hayakuandikwa. Nasi, tulipokuwa tukipanga picha za wageni wa heshima katika shule ile ya Busoga, tulikuwa tukirudia kosa hilo hilo: tuliandika jina la aliyeshika sepeto kwa dakika moja, tukamwacha aliyemwaga maji kwa mwaka mzima.

MBEGU ISIYO NA AKIBA

Tulimwomba yule mzee atufundishe kuanzia mwanzo, naye alikubali. Yafuatayo ni mafunzo yake, tukiongeza yale tuliyojifunza kwa wataalamu wa misitu.

Jambo la kwanza ni kuutambua mti mama. Kuna mvule dume na mvule jike. Dume hutoa maua marefu yanayoning'inia mfano wa mikia, kisha hayo huanguka na kazi yake imekwisha. Jike hutoa tunda la kijani lenye mikunjo, nene kama kidole na refu kidogo tu, lenye nyama laini. Mkulima akikata majike yote akaacha madume, amefunga ghala la mbegu la kijiji kizima, hata kama mivule bado inaonekana imesimama.

Jambo la pili ni kuwahi. Matunda yakiiva hushindaniwa na ndege na popo. Popo wakubwa walao matunda ndio wapandaji wa kwanza wa mvule: hula tunda, huruka mbali, na huangusha mbegu njiani. Kwa hiyo mtu anayewafukuza popo kwa sababu ya kelele zao huenda anamfukuza bwana shamba asiyedai mshahara. Matunda yaliyoanguka yaokotwe mapema, yakiwa bado mabichi na laini, kabla hayajaoza wala kukaushwa na jua.

Hapa ndipo mvule unapoachana na mwaloni. Kokwa ya mwaloni ni kubwa kama ncha ya kidole gumba, na ndani yake mama amemwekea mtoto chakula cha safari. Mbegu ya mvule ni ndogo kuliko punje ya mchele, milimita 2 hivi, na kilo moja ina mbegu zaidi ya 400,000. Haina akiba. Ikikosa maji kwa siku chache baada ya kuchipua, hufa. Ikifunikwa kwa udongo mzito, haiwezi kutoka. Ndiyo sababu tunasema kwamba mvule, mti mgumu kupita yote uzeeni, ni dhaifu kupita yote utotoni.

Matunda huponda ndani ya maji mtu akayakamua kwa mkono. Mbegu nzima huzama, na zile tupu huelea pamoja na nyama, zikamwagwa. Mbegu njema huanikwa kivulini juu ya kitambaa au gazeti, wala si juani. Ni vizuri zisiwe mapema, kwa kuwa zikikaa muda mrefu mahali pa joto hupoteza uhai. Tuta la kitalu huandaliwa nje, mahali pasipotuama maji, kwa udongo laini uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Kwa kuwa mbegu ni ndogo mno, huchanganywa na mchanga mkavu, zikamwagwa kwa usawa, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba sana. Juu hujengwa chanja kifupi cha nyasi kwa kivuli. Maji hunyunyizwa kama manyunyu, asubuhi na jioni. Maji ya ndoo yakimwagwa kwa pupa hufukua kazi yote.

Miche huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Ikipata majani kadhaa ya kweli huhamishiwa katika viriba, na nyasi za kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Mvule ni mti upendao mwanga, na ukikuzwa kivulini moja kwa moja utakuwa mrefu na legelege. Miche huhamishwa mvua zikiwa zimeshika, si siku ya mvua ya kwanza. Na kiriba kivuliwe! Hatutachoka kulirudia neno hili, kwa kuwa tumekwisha kuona makaburi ya miche iliyozikwa na nguo zake.

ADUI ASIYEONEKANA

Tulipofika Mbale tulikuta ujuzi mwingine. Mji huu umezungukwa na vitalu vingi, na umekuwa na urafiki wa miti na nchi ya mbali. Mwaka 2014 mpango wa Wales, ambao ulikuwa ukipanda mti kwa kila mtoto anayezaliwa huko, uliongeza mti wa pili kwa ajili ya mtoto huyo huyo, nao ukapandwa katika eneo la Mbale. Hivyo mtoto wa nchi ya mialoni akawa na ndugu wa kijani chini ya Mlima Elgon.

Mama mmoja mwenye kitalu kando ya mji alitupokea vizuri, lakini tulipomwambia kwamba tunakusudia kujaza uwanja mzima mivule mitupu, alitikisa kichwa. "Afande," alisema, "wewe ungewalaza askari wako wote katika hema moja, adui akijua mahali lilipo?"

Alituonyesha mche uliougua. Katika ncha yake, mahali pa jani jipya, palikuwa na vivimbe vya kijani kama njegere. Ndani ya kila kivimbe hukaa mdudu mdogo sana, mfano wa chawa wa mimea, ambaye wataalamu humwita Phytolyma. Kivimbe kikipasuka, ncha huoza na mche hurudi nyuma. Hutoa ncha nyingine, nayo hushambuliwa. Mwishowe mche hudumaa au hufa. Mdudu huyu ndiye aliyeshinda mashamba mengi ya mivule mitupu katika Afrika. Watafiti wa misitu wa Ghana wameonyesha kwamba mivule iliyotawanywa miongoni mwa miti ya aina nyingine husalimika zaidi, na kwamba iko mivule ambayo kwa asili yake humstahimili adui huyo kuliko mingine. Kwa hiyo inafaa kukusanya mbegu kutoka kwa mama wengi, wala si kwa mmoja, ili miongoni mwa watoto wapatikane wenye nguvu.

Mama yule alikuwa akifanya hivyo tangu zamani bila kusoma utafiti wowote. Mivule yake michache ilikuwa mpakani na kando ya migomba, kati ya miringaringa na miti mingine ya kienyeji. Kila asubuhi alipita akitazama ncha, na akikuta kivimbe alikikata na kukichoma moto.

UDONGO ULIOSHUKA

Huenda msomaji akauliza kwa nini askari wajishughulishe na vivimbe vya majani. Tutamjibu kwa kutaja tarehe mbili. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, na watu zaidi ya 100 walikufa au kutoweka. Mitambo mikubwa haikuweza kupanda kule. Wenzetu waliotutangulia walifukua pamoja na wananchi kwa majembe na sepeto. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikachukua nyumba, magari na roho za watu zaidi ya 20.

Hatutawadanganya wasomaji kwamba mvule mmoja ungezuia mlima kuanguka. Kwanza, mvule ni mti wa nchi ya chini na ya joto; huko juu kwenye baridi inafaa miti mingine. Pili, mteremko ulio mkali na uliolowa huweza kuporomoka hata ukiwa na miti. Lakini mlima uliovuliwa miti humwaga maji yake kwa haraka, na mito hushuka na udongo mwingi unaojaza mikondo ya mji. Askari aliyewahi kufukua kwa jembe kumtafuta mtoto wa mwenziwe haoni mzaha katika kazi ya kupanda. Na kama si mzaha, basi haistahili kumalizika bendi inapoondoka.

ZAMU

Tulipokuwa katika shule ya kadeti, mwalimu wetu wa gwaride alimkabidhi kila mmoja mche mmoja mbele ya bweni. Asubuhi alikagua bunduki, kisha viatu, kisha mche. Aliyekutwa na jani lililosinyaa aliadhibiwa sawasawa na aliyekutwa na kutu ndani ya mtutu. Faraghani tulimcheka. Leo tunakiri kwamba alikuwa akitufundisha maana ya lindo: mlinzi haondoki mpaka afike mwingine wa kumpokea, na makabidhiano huandikwa katika daftari.

Basi tulirudi katika shule ile ya Busoga bila bendi. Mzee alitupa matunda ya mvule wake, watoto wakayaponda wenyewe ndani ya beseni, na kitalu kikajengwa nyuma ya madarasa. Mvua za Machi ziliposhika, tulipanda mivule 30 tu, iliyotawanywa kando ya uwanja na mpakani kati ya miti mingine, kila mmoja ukizungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi. Mwalimu mkuu alifungua daftari. Kila mche una nambari, na kila nambari ina majina mawili ya watoto wa madarasa tofauti, ili mkubwa akimaliza shule, mdogo abaki lindoni na kumfundisha mwingine. Likizoni zamu hushikwa na wazazi walio jirani. Jina la kwanza katika daftari lile ni la mama mpishi, ambaye aliombwa na watoto awe mkaguzi. Alicheka sana, kisha akakubali.

Tunapoandika haya, kiangazi cha kwanza kimepita, na miche 24 iko hai. Sita ilikufa, miwili kwa mbuzi, na minne kwa mdudu wa vivimbe. Hatukupiga picha. Tumewaahidi wanafunzi kwamba kamera itakuja siku ambayo mtoto wa darasa la kwanza ataweza kusimama katika kivuli cha mche aliokabidhiwa.

Kwa msomaji tuna maombi matatu. Mwenye mvule jike shambani asiukate kabla hajaokota matunda yake na kuona miche yake imesimama. Anayealikwa kupanda mti aulize kwanza nani atautilia maji Januari, na akikosa jina, asishike sepeto. Na sisi tunaoandika habari hizi tuzirudie baada ya mwaka mmoja, tukahesabu.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Yule mzee wa Busoga alituambia kwamba mvule aliokalia haukupandwa na yeye wala na baba yake. Hajui ni nani aliyeulinda ulipokuwa mdogo, lakini kila siku ya jua kali humshukuru.